BAYANI YA KUKUSANYA MAJAMBIA, NA MPAKA WAKE

Huulizwa mara nyingi khabari ya mtu aliyerithi jambia moja kwa babu yake, kisha akanunua la pili, kisha la tatu, hata sanduku likajaa, naye hajui kama yu katika halali au amekwisha vuka mpaka.

Jua, ewe ndugu, ya kuwa asili ya kumiliki silaha ni halali, wala sharia haikuweka idadi. Asemaye "matatu tu" au "saba tu" amelizua neno hilo mwenyewe. Lakini kukosekana idadi si kukosekana mpaka, na ulio mzito katika mipaka hiyo ni fedha iliyo juu ya jambia.

Imamu Nawawi amebainisha katika Minhaj ya kuwa mwanamume huhalalishiwa kupamba kwa fedha silaha za vita, kama upanga na mkuki; dhahabu haimo katika ruhusa hiyo. Na hata hiyo fedha, kuipitisha kiasi kumekatazwa. Ama kisu cha kazi, au cha kuchongea kalamu, wenye kusherehesha wameharimisha kukipamba kwa fedha. Basi si kila kinachong'aa dukani huwa halali kwa kuitwa cha kale.

Tena iko zaka, na hapa ndipo wakusanyaji hughafilika. Pambo la halali lililowekwa kwa kuvaliwa halina zaka kwa kauli yenye nguvu. Lakini lililofungiwa sandukuni kwa nia ya hazina lina zaka, na lililo haramu vilevile. Jambia la kuvaa Idi na harusini lina hukumu yake, na manne yasiyotoka sandukuni yana yao. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, kadiri ya gramu 595. Mathalani kila moja katika manne hayo lina gramu 150 za fedha safi: jumla ni 600, na mwaka wa mwezi mwandamo ukitimia, hutolewa gramu 15. Fedha iliyochanganywa na shaba huhesabiwa ile safi peke yake. Kwa hivyo apelekewe sonara, wala isikisiwe kwa macho.

Jambia la Oman thamani yake hukaa zaidi katika fedha ya ala. La Yemen hukaa katika mpini, na mpini utukuzwao huko ni wa pembe ya kifaru. Pembe hizo nyingi zilitoka bara yetu ya Afrika Mashariki. Vifaru weusi wa Kenya walikisiwa kuwa 20,000 mwaka 1970. Ilipokaribia 1990 hawakufika 400, ijapokuwa Yemen haikuwa mnunuzi peke yake. Serikali ya Yemen ya Kaskazini ilikataza kuingiza pembe mwaka 1982, na mwaka 1992 Mufti wa Yemen akatoa fatwa ya kukataza kuwaua wanyama hao kwa ajili ya mipini. Anunuaye mpini mpya wa namna hiyo leo hana udhuru. Pembe ya nyati yatosha.

Na mali ya kununulia ni ile iliyobaki baada ya nafaka ya mke na watoto, na baada ya deni. Mwenye kumwambia mkewe "ngoja mwezi ujao" huku amefungasha jambia jipya kwa kitambaa, huyo hahitaji kufunguliwa kitabu.

Kisha kila jambia lataka mikono. Ala ya ngozi hunyonya unyevu, na hewa ya pwani ina chumvi. Chuma hushika kutu ndani kwa ndani huku nje fedha yang'aa. Litolewe alani, lifutwe, lipakwe mafuta ya cherehani kidogo. Asiyeweza kuyahudumia kumi asiwe na kumi. Sanduku na lifungwe kwa ufunguo, kwani mtoto hajui tofauti ya pambo na makali.

Na liwepo daftari: limenunuliwa lini, kwa bei gani, lina fedha kiasi gani, lipi ni amana ya mwingine. Bila ya hilo, warithi hugawana hata kisicho chao. Akitaka kupunguza, aanze na lile asilolivaa wala kulisafisha. Na mnunuzi aambiwe aibu yake waziwazi, kama ala si yake ya asili, au ubavu wa chuma umeliwa na kutu.