Mvua Kubwa ya Izu Oshima

Mbali na Kongo, upande wa mapambazuko, iko Japani, nchi ya visiwa. Kimoja huitwa Izu Oshima. Kutoka Tokyo, mji mkuu, mpaka huko ni karibu kilometa 120 kwa bahari. Kisiwa chote ni volkano, yaani mlima wa moto, kama Nyiragongo ulio karibu na Goma. Mlima wenyewe huitwa Mihara, nao una urefu wa meta 758.

Watu wa kisiwa wanaujua moto huo. Mwezi wa Novemba 1986 mlima ulipasuka. Watu karibu 10,000 wakapandishwa katika meli usiku mmoja, wakavushwa, wakakaa ugenini karibu mwezi mzima. Moto haukumwua hata mmoja. Lakini msiba uliokuja baadaye haukutoka katika moto.

Mwaka 2010 kisiwa kilifanywa Jeopaki. Kama vile wanyama hulindwa katika Virunga, hapa hulindwa mawe na udongo, ili watu wajifunze habari za dunia. Kando ya barabara moja uko ukuta wa udongo mrefu karibu meta 600. Ulionekana mwaka 1953, watu walipokata mlima kutengeneza njia. Mistari yake imelala mmoja juu ya mwingine, kama maganda ya kitunguu. Mlima ulipotapika, majivu yalianguka, yakafanya tabaka moja. Ukapumzika miaka mingi, vumbi laini likaletwa na upepo, likafanya tabaka jingine. Hivyo hivyo mara mia hivi. Wageni waliupiga picha na kuusifu uzuri wake. Kumbe mistari ile ile ilikuwa ikieleza hatari.

Tarehe 15 Oktoba 2013 tufani kubwa ilikaribia. Saa kumi na mbili za jioni wenye kupima hali ya hewa, pamoja na wakubwa wa Tokyo, walitoa onyo kwamba udongo unaweza kuporomoka. Barua ya onyo ikafika kwa mashini katika ofisi ya mji. Lakini watumishi walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani, na karatasi ikakaa bila kusomwa mpaka karibu usiku wa manane. Mkubwa wa mji na msaidizi wake, wote wawili, walikuwa safarini nje ya kisiwa. Waliobaki wakaogopa kuwatoa watu nje katika giza na upepo mkali. Basi amri ya kukimbia haikutolewa.

Mvua ikazidi. Kwa saa 24 zilianguka milimeta 824. Lubumbashi hupata karibu milimeta 1,200 kwa mwaka mzima: basi fikirini theluthi mbili za mvua hiyo kumwagwa kwa siku moja!

Kati ya saa nane na saa tisa za usiku mlima uliteleza. Majivu hunywa maji upesi, lakini vumbi laini lililo chini yake huyapitisha polepole. Maji yakajaa katikati, yakayanyanyua majivu, yakayasukuma chini. Ngozi ya mlima, unene wake karibu meta moja tu, ikabanduka pamoja na miti yake. Chini yake kulikuwa na mwamba wa moto ulioganda tangu karne ya 14. Matope yakafuata vijito mpaka mji wa Motomachi. Magogo yakaziba madaraja, na matope, yalipokosa njia, yakageukia nyumba ambamo watu walikuwa wamelala. Watu 36 walikufa, na 3 hawakuonekana tena.

Wengine husema juu ya msiba wa namna hii: ni mapenzi ya Mungu, hakuna la kufanya. Hiyo si imani, ni uvivu. Anayesoma tabaka za kisiwa kile anaona kwamba mlima uliofanywa na majivu, tena wenye mteremko mkali, huteleza mvua ikizidi. Kwa hiyo kovu la mlima limekuwa somo pia. Mwenye kufundisha habari za Jeopaki haonyeshi ukuta mzuri peke yake. Huonyesha pia mahali mlima ulipobanduka, na kueleza njia iliyofuatwa na matope.

Kongo nako kunajulikana jambo hili. Tarehe 4 Mei 2023, huko Kalehe kando ya ziwa Kivu, mvua ilijaza mito, mawe na matope yakashuka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa.

Alama za hatari ni hizi: maji ya kijito yanageuka matope ghafla, au yanapungua ghafla ingawa mvua inaendelea, udongo unanuka sana, mlima unanguruma. Anayeziona asingoje amri. Awaamshe wa nyumbani, waondoke bondeni na kando ya mto.

Kazi ya darasa. Chukueni ubao, pakeni juu yake udongo wa mfinyanzi, kisha mwageni mchanga, unene wa vidole viwili. Inueni upande mmoja. Nyunyizeni maji kidogo kidogo, mkihesabu vikombe. Je, mchanga umeteleza baada ya vikombe vingapi? Tazameni vizuri: unaanza kuteleza juu, au chini? Rudieni kazi bila udongo wa mfinyanzi, mkahesabu tena.