Somo: Rafiki wa Marehemu Akae Wapi?

Safari hii tumeona vema tujifunze juu ya jambo ambalo halimo katika bajeti ya mradi wetu wowote. Ni huzuni ya mzee anayebaki pale marafiki zake wa tangu ujana wanapoondoka mmoja baada ya mwingine. (Tunaposema mzee hapa hatuna maana ya wazee wa kanisa waliochaguliwa, maana wengine wao hawajafikisha hata miaka 40. Tunasema juu ya wale ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwahesabu kuanzia miaka 60, na hasa waliovuka 75.) Kabla ya kikao chenu someni 2 Samweli 1, 2 Samweli 9 na 2 Samweli 19:31-39.

Tuanze na yaliyotupata sisi wenyewe. Mwaka jana tulihudhuria mazishi katika mtaa mmoja wa huku milimani. Marehemu alikuwa mpiga tarumbeta wa usharika tangu ujana wake. Ratiba ilipangwa vizuri na watu walikuwa wengi. Ulipofika wakati wa kuweka mashada, mwongoza ratiba alimwita mjane, wakafuata watoto, wajukuu, ndugu, wakwe, majirani na jumuiya. Nasi wa ofisi ya dayosisi tuliitwa, ingawa tulimfahamu marehemu kwa miaka michache tu. Nyuma kabisa, karibu na migomba, alikaa mzee wa miaka 80 ambaye alibarikiwa kipaimara siku moja na marehemu mwaka 1960, kisha wakapiga tarumbeta pamoja kwa zaidi ya miaka 50. Wawili hao wamezika nusu ya kijiji kwa tarumbeta zao. Huyo hakuitwa na mtu. Tukaweka shada letu, tukarudi kuketi kwenye viti vya mbele chini ya turubai.

Baada ya wiki tatu tulipita kwake kugawa mablanketi. Hakuwa na kinyongo. Alitueleza tu kwamba wasifu wa marehemu uliosomwa siku ile ulianzia pale alipooa, kana kwamba mtu yule alizaliwa akiwa na mke. Akatusimulia jinsi mwenzake alivyovimba midomo juma la kwanza la mazoezi, akalia, akataka kumrudishia mchungaji tarumbeta yake. Kisha akasema kwamba siku hizi akisimulia habari hiyo nyumbani wajukuu wanacheka kwa adabu, lakini hakuna tena wa kudakia na kusema, "Hapana, hukuanza hivyo, nilikuwepo." Tuliondoka tukiwa tumeandika katika fomu: blanketi moja, limepokelewa.

Tangu siku ile tumelitafakari neno lake. Mtu anapofikia umri huo, wote wanaomzunguka wanamjua akiwa baba, babu au mzee wetu. Aliyemjua akiwa kijana mwenye mbio, mwoga wa mto, mwenye jina la utani ambalo halitajwi mbele ya watoto, ni rafiki wa rika lake tu. Huyo akifa, anaondoka na nusu ya ushahidi wa maisha ya aliyebaki. Ndiyo maana wazee wengine hurudia hadithi ileile mara kumi. Sisi husema wamezeeka. Huenda wanatafuta shahidi.

Lugha yetu ina neno mjane na ina neno yatima. Aliyefiwa na rafiki hana neno lake, na tunapotamka "wafiwa" msibani tunawafikiria watu wa ukoo. Wala si kweli kwamba mila zetu ziliwapa nafasi ndugu wa damu peke yao. Watani, kwa mfano Wanyamwezi na Wazaramo, walikuwa na kazi yao inayojulikana msibani. Walifanya mizaha hata kaburini, na hapana aliyewauliza wamekuja kama nani. Mtani ana nafasi kwa ajili ya kabila lake, hata kama hakupata kumwona marehemu, lakini rafiki wa miaka 60 anakaa kwenye migomba.

Sasa tazameni Biblia inavyolitendea jambo hili. Sauli na Yonathani walipouawa vitani, maombolezo tuliyoandikiwa katika 2 Samweli 1 si ya mke wala ya mtoto wa Yonathani. Ni ya Daudi, rafiki yake. Alilia na kufunga hadi jioni, akatunga maombolezo, tena akaagiza watu wa Yuda wafundishwe. Rafiki ndiye aliyeshika nafasi ya mbele.

Lakini tusiishie hapo, kwa kuwa sura ya 9 ndiyo yenye kazi kwa kamati zetu. Miaka imepita, Daudi ni mfalme, angeweza kutosheka na kumbukumbu. Badala yake anauliza kama amebaki mtu yeyote wa nyumba ya Sauli, ili amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Anapatikana Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, kilema wa miguu yote miwili, ambaye alikuwa na miaka 5 tu habari za kifo cha baba yake zilipofika. Daudi anamrudishia mashamba ya babu yake na kumpa nafasi ya kudumu mezani pake. Wengi tumehubiri sura hii kama habari ya mfalme mwema. Someni tena mkimfikiria Daudi mwenyewe, mtu aliyefiwa, ambaye sasa kila alapo chakula anaketi na mtoto wa rafiki yake. Hatujui kama mtoto huyo alifanana na baba. Maandiko hayasemi, nasi tusiongeze.

Barzilai wa sura ya 19 tunampitia kwa haraka. Ana miaka 80, mfalme anamwalika Yerusalemu, naye anakataa kwa upole. Anataka kufia mjini kwake, karibu na kaburi la baba na mama yake. Tunamtaja kwa sababu watoto wengi wenye upendo huja na gari kumchukua mzazi kwenda kukaa nao Dar es Salaam. Pengine matibabu yanalazimu. Lakini waulizwe kwanza: huko aendako, ni nani atakayemwita kwa jina lake la shule?

Kuna kitu kimoja ambacho kila usharika wa zamani unacho na hautumii, nacho ni daftari la kipaimara. Katika usharika mmoja tulimwomba mchungaji atufungulie kurasa za kabla ya mwaka 1963, yaani kabla makanisa yetu hayajaungana kuwa KKKT. Tukakaa na bibi mmoja, tukamsomea majina ya darasa lake. Alipokea kila jina kwa neno moja au mawili: huyu alikufa kwa uzazi, huyu alihamia Tanga, huyu alikuwa mwongo sana. Katika majina 19 alisimama kwenye jina moja akasema, "Huyu yupo." Yupo kweli, mtaa wa pili, mwendo wa kilomita 6. Walikuwa hawajaonana kwa miaka 4, kwa kuwa mmoja haoni vizuri na mwingine hawezi kukaa kwenye bodaboda kwa sababu ya nyonga.

Tulikodi bajaji. Gharama yake kwenda na kurudi ilikuwa pungufu ya bei ya blanketi. Marafiki zetu wafadhili, tunawaomba mturuhusu kuingiza nauli ya namna hii katika mradi wa wazee, hata kama hatutakuwa na cha kupiga picha zaidi ya mabibi wawili wakicheka.

Washirika wenzetu wa Ujerumani wana desturi inayofaa kuigwa. Mwaka 1816 mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prusia aliagiza Jumapili ya mwisho ya mwaka wa kanisa iwe siku ya kuwakumbuka waliofariki, na hadi leo katika sharika nyingi za huko husomwa majina ya waliokufa mwaka huo. Kwetu ingewezekana siku hiyo, au karibu na Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba. Ila tungependa jina linaposomwa asimame pia rafiki aliyebaki, siyo ukoo peke yake, na kama ana neno aseme.

Katika kikao chenu jadilini: mazishi matatu ya mwisho usharikani, rafiki wa marehemu alikuwa nani, na alikaa wapi? Nani alikwenda kumpa pole nyumbani kwake baada ya matanga? Daftari lenu la kipaimara liko wapi, na je, mchwa hawajalifikia? Majibu yaletwe pamoja na taarifa za robo. Yule mzee wa tarumbeta bado yupo. Alituuliza kama kuna kijana anayeitaka tarumbeta ya mwenzake, maana familia imeiweka darini.