Trauti na samoni: ukoo mmoja, bei mbili

WAFANYABIASHARA wanaopeleka samaki wa nchi za baridi katika hoteli na maduka makubwa hukutana na majina mawili kwenye orodha ya bei: trauti na samoni. Katika nchi nyingi mnunuzi huwa tayari kulipa zaidi akisikia jina la samoni. Hata hivyo, samaki hao wakishatolewa ngozi na kukatwa minofu, hata mpishi mzoefu anaweza kushindwa kuwatofautisha. Ndiyo maana mwenye mtaji mdogo hana budi kujua analipia nini: samaki, au jina.

UNDUGU WAO

Samaki hawa wote ni wa jamii moja ambayo wataalamu huiita Salmonidae. Alama yao ni pezi dogo laini, lisilo na miba, lililo mgongoni karibu na mkia. Wote hupenda maji ya baridi yenye hewa nyingi, na wote hutaga mayai kwenye changarawe katika maji yasiyo na chumvi.

Lakini ndani ya jamii hiyo, majina ya sokoni hayafuati damu. Samoni wa Atlantiki, ambaye jina lake la kitaalamu ni Salmo salar, ndugu yake wa karibu ni trauti wa kahawia, Salmo trutta. Trauti wa upinde wa mvua, ambaye ndiye afugwaye zaidi duniani miongoni mwa trauti, ana undugu wa karibu zaidi na samoni wa Pasifiki kuliko na trauti mwenzake wa kahawia. Kwa miaka mingi alikuwa akiitwa Salmo gairdneri. Mwaka 1989 wataalamu wa Marekani walimhamishia katika kundi la samoni wa Pasifiki, na tangu hapo anaitwa Oncorhynchus mykiss.

Mazoea ya zamani yalikuwa kwamba aendaye baharini ni samoni, na abakiye mtoni ni trauti. Kanuni hiyo haishiki. Wapo trauti wanaokwenda baharini kunenepa na kurudi mtoni kutaga, na wapo samoni wanaomaliza maisha yao ziwani.

MEZANI

Kwa upande wa lishe, tofauti kubwa ni mafuta. Gramu 100 za samoni wa Atlantiki wa kufugwa, akiwa mbichi, zina takriban gramu 20 za protini na gramu 13 za mafuta. Trauti wa upinde wa mvua wa kufugwa ana protini kiasi hicho hicho, lakini mafuta ni takriban gramu 6. Kwa hiyo samoni hutoa nguvu zaidi, karibu kalori 208, na trauti karibu 141. Mafuta ya wote wawili yana omega-3, ambayo madaktari huyasifu kwa afya ya moyo.

Wingi wa mafuta ndio unaomfanya samoni awe laini mdomoni na kufaa kukaushwa kwa moshi. Trauti mdogo wa gramu 300 hivi hutosha sahani moja, na hupikwa mzima, wa kukaanga au wa kuchoma.

Rangi nyekundu ya nyama isimdanganye mnunuzi. Haithibitishi kuwa huyo ni samoni. Samaki wa porini huipata kwa kula kamba wadogo na viumbe wa aina hiyo, ambao wana rangi iitwayo astaksanthini. Mfugaji huiweka rangi hiyo katika chakula cha samaki. Trauti akilishwa chakula hicho nyama yake huwa nyekundu kama ya samoni. Asipolishwa, hubaki nyeupe.

JINA LINAPOZUA MGOGORO

Jambo hili lilizua mjadala mkubwa nchini China mwaka 2018. Mwezi Mei vyombo vya habari viliripoti kwamba karibu theluthi ya samaki waliokuwa wakiuzwa huko kwa jina la samoni walitoka katika bwawa la Longyangxia, jimbo la Qinghai, mbali kabisa na bahari. Walikuwa trauti wa upinde wa mvua. Walaji wengi walilalamika, hasa wale wanaokula samaki mbichi, kwa kuhofia minyoo ya maji yasiyo na chumvi.

Agosti mwaka huo, chama cha wasindikaji na wauzaji wa mazao ya majini cha nchi hiyo kilitoa kanuni inayoruhusu trauti huyo kuitwa samoni, kwa sharti kwamba lebo itaje aina ya samaki na mahali alikotoka. Kwa upande wa undugu hoja yao ilikuwa na msingi. Kwa upande wa biashara, mteja alikuwa ameshaona kwamba amelipia jina.

WANAOTAWALA SOKO

Ufugaji wa samoni kwa faida ulianza Norway, katika kisiwa cha Hitra, mwaka 1970, ndugu wawili Ove na Sivert Grøntvedt walipofanikiwa kufuga katika vizimba vya nyavu baharini. Leo Norway hutoa takriban nusu ya samoni wote wa Atlantiki wanaofugwa duniani, na Chile inashika nafasi ya pili. Trauti wanafugwa katika nchi nyingi zaidi, zikiwemo Iran na Uturuki, lakini kwa jumla tani zao ni pungufu sana kuliko za samoni.

Soko lililo mikononi mwa nchi mbili hutikisika upesi. Ugonjwa wa virusi uliothibitishwa Chile mwaka 2007 uliangusha uzalishaji wa huko kwa miaka kadhaa. Septemba 2022 serikali ya Norway ilipendekeza kodi mpya ya asilimia 40 kwa wafugaji, na hisa za kampuni za samoni katika soko la Oslo zikaporomoka siku hiyo hiyo. Mwaka 2023 bunge lilipitisha asilimia 25. Mwenye hisa za samoni, kwa hiyo, afuatilie siasa na magonjwa kama anavyofuatilia bei.

AFRIKA IKO WAPI?

Trauti si mgeni kwetu. Waliletwa Kenya kutoka Scotland mwaka 1905 na kupandikizwa katika mito ya milima ya Aberdare, na serikali ina kituo cha kuzalisha vifaranga Kiganjo, karibu na Nyeri. Nchini Lesotho wanafugwa katika vizimba kwenye bwawa la Katse. Siri ni mwinuko: maji ya milimani ni baridi.

Samoni wa Atlantiki anahitaji bahari ya baridi. Pwani ya Afrika Mashariki haina maji hayo. Akitokea mtu na mpango wa vizimba vya samoni huku pwani, mwenye fedha azifunge mfukoni.

HESABU YA MINOFU

Bei ya kilo ya samaki mzima nayo inaweza kupotosha. Chukua mfano, ambao ni wa kufundishia tu na si bei ya soko. Samoni ananunuliwa Sh 10,000 kwa kilo, na kilo 100 zinatoa kilo 60 za minofu. Gharama ya kilo ya minofu ni Sh 16,667. Trauti ananunuliwa Sh 9,000, lakini kwa udogo wake kilo 100 zinatoa kilo 50. Gharama ya minofu ni Sh 18,000. Aliyeonekana rahisi ndiye aliyekuwa ghali. Kwa hoteli inayopika samaki mzima, hesabu inageuka, na trauti anarudi kuwa rahisi.

Kabla ya kutia saini ankara, mnunuzi aulize mambo matatu: jina la kitaalamu la samaki, nchi na maji aliyofugwa, na kama atauzwa mzima au minofu. Kama ataliwa mbichi, aulize pia kama aligandishwa kwa kiwango cha kuua minyoo. Sheria za Ulaya hutaja nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda usiopungua saa 24. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo hastahili kulipwa bei ya samoni.