Dhana za Kimsingi za Ujifunzaji wa Kimasharti na Nafasi Yake katika Darasa la Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Unyasi hauna sumu wala meno; hata hivyo, moyo wa aliyeumwa hudunda kabla hajapata muda wa kufikiri. Methali hii inagusa suala ambalo limewashughulisha wanasaikolojia kwa zaidi ya karne moja: vipi kitu kisichodhuru hupata uwezo wa kuamsha mwitiko ambao hapo awali hakikuuamsha? Makala haya yanafafanua dhana za kimsingi za ujifunzaji wa kimasharti wa kiklasiki. Yanadai kwamba ingawa nadharia hii haielezi namna mwanafunzi anavyoimudu sarufi, inaeleza vyema namna anavyojifunza kuipenda au kuiogopa lugha yenyewe.

Chimbuko la nadharia

Mwasisi wa nadharia hii, Ivan Petrovich Pavlov (1849–1936), hakuwa mwanasaikolojia. Alikuwa mwanafiziolojia wa Kirusi aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake kuhusu usagaji wa chakula mwilini. Katika maabara yake mjini St. Petersburg, ilibainika kuwa mbwa walianza kudondokwa na mate hata kabla ya chakula kufika vinywani mwao. Ilitosha kwao kumwona mtu aliyezoea kuwalisha. Jambo ambalo lingeweza kupuuzwa kama kizuizi cha utafiti likageuka kuwa utafiti wenyewe.

Miongoni mwa vifaa vilivyotumiwa ni metronomi, yaani chombo kinachotoa mapigo ya kuongoza mwendo wa muziki. Mapigo yalisikizwa, kisha baada ya muda mfupi mbwa akapewa chakula. Hatua hiyo iliporudiwa mara kadhaa, mapigo peke yake yalitosha kumtoa mbwa mate.

Dhana za kimsingi

(a) Kichocheo kisicho na sharti: kitu kinachoamsha mwitiko kwa maumbile, bila mafunzo yoyote. Katika mfano huu ni chakula.

(b) Mwitiko usio na sharti: itikio la kimaumbile kwa kichocheo hicho, yaani mate yanayotoka chakula kinapoingia kinywani.

(c) Kichocheo chenye sharti: kitu ambacho mwanzoni hakikuamsha mwitiko huo, lakini kinauamsha baada ya kuambatanishwa na kile cha kwanza. Hapa ni mapigo ya metronomi.

(d) Mwitiko wenye sharti: mate yanayotolewa kwa kusikia mapigo pekee.

(e) Ufifiaji: mapigo yakisikizwa mara nyingi bila chakula kufuata, mate hupungua hadi yakatoweka.

(f) Urejeaji: mwitiko uliofifia huweza kuzuka tena baada ya mapumziko. Hii ni ishara kwamba kufifia si sawa na kufutika.

(g) Ujumlishaji: mwitiko huenea hadi kwa vichocheo vinavyofanana na kile cha awali. Huu ndio unyasi wa methali.

(h) Upambanuzi: kiumbe hujifunza kuitikia kichocheo kimoja na kutoitikia kingine kinachokaribiana nacho.

Baadhi ya wanafunzi huichanganya nadharia hii na ile ya B. F. Skinner. Kwa Skinner, kiumbe hutenda kwanza, na matokeo ya tendo, yawe tuzo au adhabu, huamua iwapo tendo litarudiwa. Kwa Pavlov, ishara hutangulia na mwitiko huja wenyewe, bila hiari. Aidha, katika miaka ya 1960, Robert Rescorla alionyesha kuwa haitoshi vichocheo viwili kutokea pamoja. Ni lazima cha kwanza kiwe kinabashiri ujio wa cha pili.

Hofu kama zao la kujifunza

Mwaka 1920 nchini Marekani, John B. Watson na Rosalie Rayner waliihamisha nadharia hii kutoka kwa mate hadi kwa hofu. Mtoto mchanga aliyejulikana kwa jina la Albert, ambaye hakumwogopa panya mweupe, alishtuliwa kwa kishindo cha nyundo juu ya chuma kila alipomgusa panya huyo. Muda si muda alilia kwa kumwona panya tu, na hofu ikaenea hadi kwa sungura na koti la manyoya. Jaribio hilo linashutumiwa hadi leo kwa ukiukaji wake wa maadili, hasa kwa kuwa mtoto hakuondolewa hofu aliyotiwa.

Miaka minne baadaye, Mary Cover Jones alionyesha njia ya kurudi. Mtoto aliyeitwa Peter, aliyekuwa akiogopa sungura, alipewa chakula alichokipenda huku sungura akisogezwa karibu naye kidogo kidogo, siku baada ya siku. Hatimaye aliweza kumgusa.

Lugha kama kichocheo

Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika kitabu chake *Decolonising the Mind* (1986), Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025) anasimulia jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni waliosikika wakizungumza Kikuyu shuleni walivyochapwa au kuvishwa kibati chenye maandishi ya kuwadhalilisha. Kwa mtazamo wa Skinner, hiyo ni adhabu iliyokusudiwa kukomesha tendo. Kwa mtazamo wa Pavlov, lilifanyika jambo zito zaidi: lugha ya mama iliambatanishwa na maumivu na aibu. Ufuatiliaji unaweza kukoma siku mwanafunzi anapoondoka shuleni, lakini hisia iliyokwisha kuambatanishwa na lugha haikomi siku hiyo.

Mwalimu wa Kiswahili naye hana kinga. Mwanafunzi anayechekwa na darasa zima kwa kuchanganya /l/ na /r/ anaposoma kwa sauti hajifunzi fonolojia. Anajifunza kwamba kusoma kwa sauti kunabashiri fedheha. Kwa ujumlishaji, hofu hiyo huenea hadi kwa kitabu, kwa kipindi, hata kwa sauti ya mwalimu. Na pale ambapo hasira ya mwalimu haitabiriki, hakuna ishara moja ya kuogopwa, hivyo darasa lote hugeuka kuwa la kutisha.

Hofu hiyo haiondolewi na wakati pekee. Anayeogopa hukwepa: hainui mkono, hukaa nyuma, hujisingizia kikohozi zamu yake inapofika. Kwa kukwepa, anajinyima nafasi ya kugundua kwamba hatari haipo tena, na ufifiaji hauwezi kutokea. Njia ya Jones inafaa hapa. Mwanafunzi aanze kumsomea mwenzake mmoja, kisha kikundi kidogo, hatimaye darasa, na kila hatua ifuatwe na pokezi la heshima. Hofu ikizuka upya baada ya likizo, mwalimu asikate tamaa, kwani huo ni urejeaji wa kawaida.

Mipaka ya nadharia

Ujifunzaji wa kimasharti hauelezi jinsi mtoto anavyotunga sentensi ambazo hajawahi kuzisikia. Noam Chomsky aliitumia hoja ya ubunifu huo katika kuwapinga wanautabia, hasa katika tahakiki yake ya mwaka 1959 kuhusu kazi ya Skinner. Hata hivyo, udhaifu wa nadharia katika uwanja wa sarufi haubatilishi uwezo wake katika uwanja wa hisia.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba katika kila kipindi hufunzwa mambo mawili: somo lililoandaliwa, na hisia inayoambatana nalo. La pili halimo katika maazimio ya kazi wala halitahiniwi, lakini ndilo linaloweza kuamua iwapo mwanafunzi atakifungua tena kitabu cha Kiswahili baada ya mtihani wa mwisho. Ni muhimu, basi, kwa anayejiandaa kuwa mwalimu kutambua kwamba yeye mwenyewe, kwa sauti na sura yake, ni mojawapo ya vichocheo darasani.