Fizikia ya Taa ya Bafu

Umeme wa gridi ya Taifa ulifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo mji ulitegemea mitambo ya dizeli. Anayejenga nyumba leo, tuseme huko Bombambili au Lizaboni, mara nyingi huanza kufikiria taa za sebule, na bafu huja mwisho. Lakini bafu ndicho chumba ambamo umeme, maji na mwili mtupu hukutana. Kwa hiyo taa yake yapasa kupangwa kabla ukuta haujapigwa plasta. Tuyatazame mambo matatu.

1. Nuru ya jua

Songea iko karibu digrii 10.7 kusini mwa Ikweta. Tangu mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Tarehe 21 Juni kimo chake ni:

90 − (10.7 + 23.4) = digrii 55.9

Basi dirisha la ukuta wa kaskazini, likiwekwa juu ili kulinda stara, huleta mwanga na kusaidia kukausha unyevu katika miezi ya baridi, mradi paa lisichomoze mno. Dari na kuta zipakwe rangi nyeupe, kwani nyeupe huakisi nuru nyingi.

2. Mahali pa taa

Taa moja iliyo katikati ya dari humwangaza mtu kisogoni anaposimama mbele ya kioo, na uso wake hubaki kivulini. Dawa yake si balbu kubwa zaidi, bali ni kuiweka taa juu ya kioo au kandokando yake. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: taa ikisogezwa kutoka mita 2 hadi mita 1 mbele ya uso, mwanga wake usoni huongezeka mara 4.

3. Usalama

Mwili uliolowa huweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 tu. Kwa volti 230:

I = V/R = 230/1,000 = ampea 0.23

Hizo ni miliampea 230, nazo zaweza kuua. Kwa hiyo swichi na iwe nje ya mlango, au iwe ya kuvuta kwa kamba. Taa iwe na kifuniko chenye alama ya IP44 au zaidi. Tarakimu ya pili, 4, huonyesha kwamba matone ya maji yanayoirukia hayaidhuru. Fundi aweke pia kifaa cha miliampea 30 kinachokata umeme mara unapovuja.

Zoezi

Balbu ya LED ya wati 9 hutoa nuru inayokaribia ile ya balbu ya kawaida ya wati 60. Kila moja ikiwaka saa 2 kwa siku, kwa siku 30, tofauti ni uniti ngapi? (Jibu: 3.06.) Kisha chora ramani ya bafu la kwenu, uonyeshe dirisha, kioo, bomba, taa na swichi. Je, kuna swichi ambayo mkono uliolowa unaweza kuifikia?