Nani aongoze uzamili wa ushauri nasaha? Maswali na majibu kwa wanaoajiri na wanaoomba kazi

Shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba, walimu kutoka Molo, Kuresoi, Subukia, Naivasha na Baringo huja Nakuru na Njoro kusoma shahada za juu, na wengi wao huchagua ushauri nasaha. Egerton ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya Lord Maurice Egerton kabla ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1987, na leo ina idara nzima inayobeba saikolojia, ushauri na misingi ya elimu. Kabarak nayo, kwenye barabara ya kwenda Eldama Ravine, inafundisha saikolojia ya ushauri. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza wenzangu wanaoketi kwenye majopo ya kuajiri, pamoja na wale wanaotamani kuomba kazi yenyewe.

Kuongoza programu hii kuna tofauti gani na kuongoza programu nyingine ya elimu?

Tofauti iko kwa wanafunzi na mahali wanakorudi. Mwanafunzi wa uzamili wa historia akifundishwa ovyo, ataandika tasnifu dhaifu. Mwalimu mshauri akifundishwa ovyo, anayeumia ni mtoto wa sekondari asiyejua hata kwamba alistahili huduma bora.

Kumbuka tulikotoka. Wizara ya Elimu ya Kenya ilianzisha kitengo cha ushauri nasaha mwaka 1971, lakini kwa miaka mingi shuleni kiboko ndicho kilichotawala. Mwaka 2001, mwaka uleule ambao moto wa bweni la shule ya Kyanguli uliua wavulana 67, kiboko kikapigwa marufuku na walimu wakaambiwa washauri badala ya kuchapa. Wengi hawakuwa wamefunzwa. Uzamili huu upo ili kuziba pengo hilo, na mtu anayeuongoza ndiye anayeamua kama litazibwa au litapakwa rangi tu.

Sheria inataka nini kwa mwombaji?

Kwanza, uzamivu. Vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 viliufanya kuwa sharti la mhadhiri, na anayetaka kupanda hadi mhadhiri mwandamizi huhesabiwa alama za machapisho na wanafunzi wa uzamili aliowasimamia hadi wakahitimu. Pili, usajili wa kitaaluma. Sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kusajili wanaotoa huduma hiyo, na sioni vipi mtu asiyesajiliwa atawafunza wengine kazi hiyo. Kisha kuna karatasi tunazozijua sote: cheti cha maadili mema kutoka polisi, kibali cha kodi, barua ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Hizo ni za kuangaliwa na karani; jopo lisizipotezee asubuhi nzima.

Tukiwa na wawili, mmoja ana makala nyingi na mwingine ana miaka mingi ya kuwashauri vijana, tumchukue nani?

Mwenye uwezo wa kuwasimamia wengine wakishauri. Jibu hili huwaudhi watu wa pande zote mbili, lakini ndilo nililofikia.

Makala ni muhimu. Bila mtu anayejua utafiti, tasnifu hukwama, na kila mwalimu anayelipa karo kutoka mshahara wake anajua uchungu wa tasnifu iliyokwama miaka minne. Kushauri vijana nako ni muhimu. Hata hivyo, mshauri mzuri si lazima awe msimamizi mzuri, na kinachoteketea kimyakimya katika programu zetu ni mazoezi ya vitendo. Mwanafunzi hutumwa shuleni na fomu, akakusanya saa, mtu akapiga mhuri. Hakuna aliyemsikiliza akizungumza na mtoto, wala aliyepitia naye rekodi ya kikao na kumuuliza, “Hapa ulinyamaza kwa nini? Hapa ulikimbilia mahubiri kwa nini?”

Nenda utazame chumba chenyewe katika shule ya kawaida ya bweni. Mara nyingi kinapakana na ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, anayeshughulikia nidhamu, na ukuta ni wa mbao. Ndani kuna mafurushi ya vitabu vya kiada, viti viwili vya plastiki na dirisha lisilo na pazia linalotazama njia ya kwenda bwaloni. Mwanafunzi akiingia, darasa zima linajua. Kiongozi wa programu anayestahili huona chumba hicho na mara moja akaanza kupanga na mwalimu mkuu kuhusu pazia, saa na mlango. Asiyestahili huandika kwenye ripoti kwamba mazingira yanaridhisha.

Usaili wenyewe tuuendesheje?

Acheni kuuliza “jieleze kwa ufupi”. Mpeni kisa. Mimi hupendekeza hiki, ambacho nimekitunga lakini hakiko mbali na ya kila siku: Mwanafunzi wako wa uzamili anafanya mazoezi katika shule ya wasichana ya bweni huko Kuresoi. Anakupigia simu jioni. Msichana wa Kidato cha Tatu amemwambia kwamba wiki mbili zilizopita alijaribu kujiua. Naibu wa mwalimu mkuu amesikia fununu na anataka jina. Mwanafunzi wako analia kwenye simu.

Kisha nyamazeni msikilize. Mwombaji dhaifu atataja wananadharia wa ushauri: Rogers, Beck, Ellis. Mwombaji mwenye kazi mkononi atauliza maswali: Msichana yuko wapi sasa hivi? Nani yuko naye usiku huu? Amesema bado anafikiria hivyo? Matroni anajua? Hospitali iko umbali gani? Atajua kwamba siri ya kikao ina mpaka pale maisha yanapokuwa hatarini, na kwamba mtoto mwenyewe huambiwa ni nani atajulishwa na kwa nini. Atajua pia kwamba mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hivyo hakuna sababu ya kumtisha msichana kwa polisi.

Mwishoni atamrudia yule mwanafunzi wa uzamili anayelia. Hapo ndipo pa kutazama sana. Atamtuliza, atamsaidia kupanga hatua ya usiku huo, na atamwambia watakutana kesho. Hatamgeuza kuwa mgonjwa wake. Kujua mpaka huo ndiyo kazi tunayoajiri.

Je, awe mtu wa hapa?

Awe mtu anayekubalika hapa. Sheria ya utangamano wa kitaifa ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja, na katika Bonde la Ufa hilo si jambo la kufuata kwenye karatasi tu. Watoto waliolala kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, ni watu wazima sasa, na baadhi yao ni walimu. Darasani wataketi karibu na wenzao kutoka jamii ambazo wazazi wao waliziogopa. Mwulizeni mwombaji ataendeshaje mazoezi ya vikundi katika darasa kama hilo. Akisema mambo hayo yamepita, mwondoeni kwenye orodha.

Na lugha?

Mafunzo ni kwa Kiingereza, lakini mtoto hulia kwa Kiswahili, Kikuyu, Kikalenjin au Kisii. Kiongozi awaruhusu wanafunzi walete vikao kwa lugha iliyotumika kuviendesha.

Chuo kimwahidi nini?

Muda. Miongozo ya Tume inamruhusu mhadhiri kusimamia wanafunzi watano wa uzamili na watatu wa uzamivu kwa mwaka. Chuo kikimrundikia kumi na watano, kimemnyima kazi kilichomwajiri kuifanya. Kimpe pia gari au nauli ya kuzuru shule, iandikwe kwenye bajeti ya idara na si kwenye ahadi za mdomo.

Mimi ni mwalimu mshauri mwenye uzamivu, sijawahi kufundisha chuoni. Niombe?

Omba. Huenda ukaingia kama mhadhiri kwanza, na uongozi ukaja baadaye, lakini usijitoe mwenyewe kwenye orodha kabla jopo halijakutazama. Kwenye barua yako usianze na vyeti. Anza na walimu uliowaongoza: wangapi, shule gani, mlikutana mara ngapi, nini kilibadilika kwa watoto wao. Hakikisha usajili wako kwenye bodi haujapitwa na wakati, na chapisha angalau makala moja kutoka tasnifu yako kabla ya tangazo kutoka, kwa sababu likishatoka muda wa kufanya hivyo huwa umekwisha.