Somo: Wazima moto wa mshahara na wa kujitolea, wanafanyaje kazi pamoja?

Ndugu wakulima, mama na baba, vijana wa shirika: kiangazi kimekaribia na majani ya mlimani yameanza kukauka. Kila mwaka wakati kama huu swali ni lile lile: "Sisi huku Runingu hatuna pompie hata mmoja. Moto ukishika shamba tutaita nani?" Swali ni la haki. Gari la kuzima moto likitoka mbali, hata likiwa zima na lina mafuta, litakuta ghala limeshakuwa majivu. Basi mwezi huu tujifunze namna kikosi cha wazima moto kinavyopangwa, halafu tuone shirika linaweza kuchukua nini bila kununua gari.

Tuanze Ufaransa, kwa sababu neno pompie limetoka huko. Watu wengi hawajui kwamba kule wazima moto karibu 4 kwa kila 5 si wa mshahara. Nchi nzima ina wazima moto kama 250,000, na wapata 200,000 kati yao ni wa kujitolea: waoka mikate, walimu, mafundi, wakulima kama sisi. Wale wa mshahara wako zaidi katika miji mikubwa, ambako kila siku kuna ajali au moto, na wanakaa kituoni kwa zamu, usiku na mchana. Kijijini ni mambo mengine. Pengine siku nyingi zinapita bila mtu kuita, na hakuna serikali inayoweza kulipa watu 20 wakae tu wakingoja.

Sasa mtu atasema: "Wa kujitolea, yaani wa bure, siku ya hatari hawaonekani." Ni kweli, inatokea hivyo pale ambapo kujitolea ni maneno ya mkutano tu. Wenzetu wamefunga jambo hili kwa kamba. Mtu wa kujitolea anaweka sahihi kwa miaka 5. Anafundishwa kabla ya kupelekwa kwenye moto, na anaendelea kufundishwa. Anasema mapema siku na saa ambazo anapatikana, zinaandikwa, na mkubwa wa kituo anajua leo ana watu wangapi. Mshahara hana, lakini kwa saa alizotumika anapata malipo kidogo, na patroni wake anaweza kuwa amesaini makubaliano kwamba mfanyakazi huyu akiitwa, anaruhusiwa kwenda. Kwa hiyo kazi ni ya hiari siku ya kuingia. Ukishaingia, zamu yako ni zamu.

Wa mshahara nao wanabeba mambo ambayo mtu wa kujitolea hana nafasi ya kuyabeba kila siku: kupokea simu za hatari saa zote, kuangalia magari na mipira ya maji, kufundisha wapya. Moto ukiwa mkubwa, wa mjini na wa vijijini wanakutana mahali pamoja, na mwenye kuomba msaada hatajua nani analipwa na nani halipwi. Mavazi ni yale yale, na amri inatoka kwa mtu mmoja.

Gari lao la kawaida la kuzima moto linabeba watu 6 mpaka 8. Kuna mkubwa, kuna dereva ambaye pia anaendesha pampu, waliobaki wanapangwa wawili wawili. Wawili wanaushambulia moto, wawili wanaleta maji. Hakuna anayeingia kwenye moshi peke yake. Mkubwa mwenyewe hashiki mpira. Anazunguka, anaangalia upepo unaelekea wapi, nani yuko ndani, ukuta gani unataka kuanguka. Huku kwetu tumezoea kwamba mkubwa ndiye anayepiga kelele kuliko wote. Kwenye moto, mkubwa mzuri ni yule anayetazama.

Majirani zetu ng'ambo ya ziwa, Tanzania, wana Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la nchi nzima, na mtu anapiga namba 114. Lakini hata wao, kijiji kikiwa mbali, dakika za kwanza ni za watu wa pale pale.

Na sisi wa bonde la Ruzizi dakika hizo tunazijua. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, gari la tanki lilipinduka Sange, kwenye barabara hii hii ya taifa namba 5. Petroli ikamwagika, watu wakaja na mabidoni na mabeseni, moto ukashika. Walikufa zaidi ya watu 230, watoto wengi wakiwemo. Waliojeruhiwa walipelekwa hospitali za Uvira na Bukavu, na vijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walifanya kazi nzito ya kukusanya na kuzika maiti. Hatuandiki haya ili kuumiza wafiwa. Tunayaandika kwa sababu pale maji yasingesaidia kitu, hata yangekuwa tele. Kilichohitajika ni watu 10 waliokubaliana mapema kusimama barabarani, huku na huku, na kurudisha watu nyuma.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unafuata mtaro, unaingia nyumbani, unakuta mbabula yenye makala au pikipiki inayowashwa. Mtu haoni kitu. Kanuni ya wazima moto: petroli nyingi ikimwagika, watu wasogee mita 300 angalau, hasa upande upepo unakokwenda, moto ukishafika kwenye tanki, mita 800 pande zote. Nyumba zizime mbabula na taa za moto, motari wasukume pikipiki bila kuwasha. Hakuna bidoni la petroli linalolipa nafsi ya mtoto. Na wale tunaowaita makadhafi, wanaouza mafuta kwa chupa kando ya barabara, waambiwe wasiyaweke ndani ya nyumba wanamolala watu.

Basi shirika lichukue nini? Gari hatuna, mshahara hatuna, ila mpango tunaweza kuwa nao. Wachaguliwe watu 12, wanaume na wanawake, wanaoishi karibu karibu, na majina ya zamu ya kila wiki yabandikwe ukutani penye ghala. Achaguliwe mkubwa mmoja wa moto na msaidizi wake, na shefu wa kijiji ajulishwe, ili siku ya hatari pasiwe na mabishano. Alama ya kuita iwe moja, kwa mfano janti ya gari iliyotundikwa inayogongwa haraka haraka. Simu isiyo na unite haitaamsha mtu usiku. Vifaa viwe majembe, mapanga, ndoo, matawi mabichi ya kupigia moto wa majani, na pipa la maji ambalo hakuna mtu anayeruhusiwa kuchotea kufulia nguo. (Hilo la mwisho ndilo litakaloleta ugomvi, tunajua.)

Kuhusu malipo, tujifunze kwa wale wa patroni. Aliyekesha kwenye moto, wenzake wampalilie shamba siku moja, au sanduku la AVEC litoe kidogo cha chakula na dawa. Bila hiyo, kiangazi cha pili mtabaki watatu.

Moto wa mlimani una tabia zake. Unapanda haraka kuliko unavyoshuka, kwa hiyo asiwepo mtu juu yake kwenye mteremko. Mapema, kabla ya upepo mkali, lilimeni ukanda mtupu kuzunguka mihogo na ghala, upana wake mara mbili au tatu ya urefu wa majani yaliyo kando. Anayetaka kuchoma, iwe ni shamba, malisho au kuwinda panya, atoe habari siku moja mbele, achome jioni upepo ukitulia, na zamu iwepo mpaka majivu yapoe. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, bila mafuta wala dawa ya meno, kisha apelekwe kituo cha afya.

Kwa mkutano wenu ujao, zungumzeni maswali mawili. Moto ukitokea saa 8 usiku upande wa mlimani, ni nani wa kwanza kugonga janti, na nani anabaki na watoto na wazee? Na tanki likipinduka mbele ya soko siku ya soko, ni akina nani watakaosimama upande wa Sange, na akina nani upande wa Uvira? Andikeni majina.